Mwaka Niliowalisha Waitaji

Wifi yangu Risper tulimzika Kano, bondeni karibu na Kisumu, Jumamosi ya matope, na katikati ya hotuba ndefu za watu ambao hawakumtembelea alipokuwa mgonjwa, mwendesha shughuli alisema kwamba marehemu alikuwa binti wa mtegaji mashuhuri wa aluru. Vijana waliokaa nami hemani walitazamana. Mjukuu wangu, mwenye shahada moja na simu mbili, aliniinamia akanong'ona, "Dani, aluru ni nini? Ni samaki?" Mkono uliniwasha nimpige kofi. Kisha nikafikiri, angemjulia wapi? Hata baba yake hakuwahi kumwona aluru. Nikamwambia ni ndege, akaitikia "aah," akarudi kwenye simu yake, nami nikabaki na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Wa kucheka naye habari ile alikuwa ndani ya jeneza. Tangu nirudi nyumbani kwangu Migosi, mjini Kisumu, mambo ya mwaka ule hayataki kunitoka, basi nayaandika.

Nianze na ndege mwenyewe. Kiswahili cha vitabuni humwita tombo. Ni mdogo, mnene, anatosha kiganjani, dume lake lina koo jeupe lenye mstari mweusi kama karani aliyevaa tai. Hapendi kuruka; hukimbia chini ya nyasi mpaka umkanyage ndipo afumuke, akushtue, uangushe mtungi. Mtama ulipoanza kushika punje, bonde zima mpaka kwenye matete ya ziwani lilijaa sauti yake, na hakuna aliyesimama kuisikiliza, kwani nani husimama kusikiliza kuku wa jirani? Ili kumtega hukumfuata porini, ulimtumia mwenzake. Ulimkamata dume anayeita vizuri, ukamtia kwenye tundu la matete lenye umbo la boga, ukamlisha kuliko ulivyolisha watoto wako, na kukipambazuka ukampandisha kwa kamba juu ya mti mrefu uliosimikwa shambani. Mti mmoja ulibeba matundu manne au matano. Wale wa juu waliita, na walio porini walidhani huku kuna chakula na amani, wakaja mbio kwenye vijia vyao vya chini ya nyasi, na kwenye vijia hivyo vilikuwapo vitanzi vya nywele za mkia wa ng'ombe. Wale wa juu tuliwaita waitaji. Kwa baba mkwe wangu mwitaji hakuliwa. Alizeeka ndani ya tundu lake akiwa na jina, na alipokufa alifukiwa nyuma ya nyumba.

Niliolewa pale mwisho wa mwaka 1970, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu Ochieng' alikuwa kibarua bandarini Kisumu, akilala Nyalenda katika chumba alichogawana na wanaume wawili, kwa hiyo mimi niliachwa nyumbani kwao, sina jiko langu, napika kwenye moto wa mama mkwe kama ilivyokuwa desturi kwa mke mgeni. Waliniita Nyar Seme, binti wa kutoka Seme. Kabla ya harusi nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu, na Sista mkuu wa chuo hicho, ambaye hakupenda habari ya harusi hata kidogo, aliniambia nafasi ile ingenisubiri mpaka Januari ya pili, isipite hapo. Baba mkwe, Mzee Oganda, alikubali. Alikuwa amefanya kazi reli ujanani, akarudi na Kiswahili cha kuamrisha, ambacho alikitumia kila alipotaka neno lake lisijadiliwe. Aliniita uani mbele ya watu wote akasema, "Nyar Seme, sikia. Msimu ya aluru ikikuwa mzuri, Januari unaenda. Mtoto ya Oganda hawezi kuenda chuo na sanduku tupu." Nilipiga magoti nikashukuru. Nilidhani nimepewa ruhusa, kumbe nimefungwa kwenye msimu.

Chumba changu kilikuwa cha udongo, chenye dirisha la kupitisha kichwa cha paka, na nililala humo na Risper, aliyekuwa na miaka kumi na minne na mdomo usiopumzika, pamoja na waitaji. Paka na nguchiro waliwawinda, kwa hiyo kila jioni matundu yaliingizwa ndani yakatundikwa kwenye boriti juu ya kitanda. Chumba kilinuka mavi ya ndege na wimbi lililochachuka. Maganda ya nafaka yalituangukia usoni. Kukicha niliwashusha, nikawabadilishia maji, nikawapa wimbi na kumbikumbi waliokaushwa, nikawabeba shambani. Mmoja wao, Odundo, jina linalopewa watu wafupi, alikuwa hajaita tangu mama mzazi wa Mzee Oganda afe, maana bibi huyo ndiye aliyekuwa akiwalisha. Wiki yangu ya kwanza alikula kumbikumbi mkononi mwangu, akapanda mtini, akaita mpaka koo likamtetemeka. Baba, kama nilivyomwita baba mkwe, alivua kofia. Tangu siku hiyo kazi ile ikawa yangu, na kila mgeni aliambiwa mkono wa Nyar Seme una baraka. Mtu akikusifia kazi kiasi hicho, ujue hutaiacha.

Mama, yaani mama mkwe wangu, alipenda kunisimulia misimu ya zamani tulipokuwa tukichambua kunde. "Yawa, Nyar Seme, wewe umekuja chakula imeisha," alisema. Miaka ya nyuma wanawake walinyonyoa manyoya mpaka vidole vikavimba. Walikausha ndege kwa moshi, wakawachoma vijitini, wakawapeleka mjini kwa vikapu, na walevi wa karibu na stesheni waliwala wawili wawili kama karanga. Kila boma likasimamisha mti. Waliokuwa na mti mmoja wakaongeza wa pili. Jike likinaswa na mayai tumboni, lililiwa. Viota vikionekana, watoto walikaanga mayai. Kisha zikaja trekta za miwa. Nyasi zilichomwa kwanza ili shamba lisafishike, na moto uliingia kwenye majani hayo hayo ambamo aluru walikuwa wamelalia mayai. Upande wa mpunga ndege ya chuma ilipita ikimwaga dawa ya kuua ndege wadogo wanaokula mpunga, na hakuna aliyekwenda kutazama ni nani mwingine aliyeanguka. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na sisi hatukuchovya kwa kidole, tulichovya kwa kata.

Msimu wa kwanza wa mwaka 1971 ulipofika, mtama ukashika punje, waitaji wakapanda. Siku ya kwanza tulipata ndege wachache, Mama akawachoma kwa chumvi, tukala na ugali wa mtama, Baba akatafuna mpaka mifupa. Nakumbuka furaha yangu pale jikoni. Nilijiona nimevaa sare, nimeshika chaki. Siku zilizofuata vitanzi vilikuwa vitupu. Baadaye kilinaswa kijipanya. Tulirudi kwenye omena, dagaa wa ziwani, omena wakapanda bei, tukarudi kwenye kunde. Baba hakukosa sababu. Mara ni mwezi mkubwa. Mara ni wivu wa majirani. Mara kengele mpya ya kanisa inawatisha, akaenda kumgombeza katekista. Mara wamepita Uganda kwanza, watarudi. Jambo moja tu hakulisema, kwamba wamekwisha, na hakuna mtu katika boma lile aliyethubutu kumsemea. Msimu ulipokwisha alisema, "Hii haikukuwa msimu. Tutangoja mvua fupi." Niliingia chumbani nikalia, Odundo akinitazama kwa jicho moja kupitia matete.

Mwezi wa nane niliruhusiwa kwenda Kisumu kumwona mume wangu. Nilimkuta Nyalenda, chumba chenye vitanda viwili vya kamba na jiko la mafuta ya taa chini ya meza, wanawake wakigombana nje kwenye bomba la maji. Wenzake wawili walitoka kwa heshima wakakaa kibarazani, na sauti zao tulizisikia zote, kwa hiyo na zetu walizisikia. Ochieng' alikuwa mtu mwema. Alinunua ngege mzima, akampika mwenyewe kwa nyanya, akanipa kichwa. Nilimwambia, "Hakuna ndege. Baba anangojea kitu ambacho hakipo, na mimi naozea pale." Alichezea mwiba wa samaki kwa muda. "Baba ni Baba," akasema. "Nikimwambia aluru imeisha, ni kama namwambia yeye mwenyewe ameisha. Vumilia kidogo, mama." Nilimtazama, mwanamume mabega mapana, anabeba magunia mawili kwa mara moja, na hawezi kubeba sentensi moja kumpelekea babake. Nilimpenda na nilimchukia siku hiyo hiyo, na kichwa cha samaki nilikila chote.

Niliporudi nilianza kuomba nikiwa kazini. Wengine huomba watoto; mimi niliomba ndege. Nikimpandisha Odundo nilimwambia, ita bwana, ita kwa nguvu, mimi na wewe tuna Januari moja tu. Jioni moja, nikiwa nafunga kuku nyuma ya nyumba kubwa, niliwasikia wakwe zangu ng'ambo ya ukuta. Mama alisema, "Muachilie mtoto ya watu aende. Ndege haikuji." Baba alijibu polepole, si kwa sauti yake ya reli. "Akienda, nani atalisha? Hawa ndege imezoea mkono yake. Akienda haitaita. Na kama haiiti, wale wa porini watajua aje tuko hapa?" Nilibaki na kuku kwapani. Nilielewa kwamba hata msimu ukiwa mzuri hataniachia. Ndege wakija, atanihitaji kwa sababu wamekuja. Wasipokuja, atanihitaji ili waje. Nikakaa chini kwenye mavi ya kuku.

Mvua fupi zilikuja. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, ukungu ukiwa bado juu ya kinamasi, Odundo aliita, na mahali fulani mbali, ng'ambo ya matete, akajibiwa. Risper aliangusha kibuyu. Odundo akaita tena. Akajibiwa tena, na safari hii walikuwa wawili au watatu. Baba alitoka nyumbani na shuka tu kiunoni, mzee mzima, akasimama kwenye umande mdomo wazi. "Imerudi," alisema. Kisha akapiga kelele, "Mama Ochieng'! Imerudi!" Machozi yalimtoka, na mimi pia. Tulishinda siku nzima tukisuka vitanzi. Baba alifyeka vijia vipya kuelekea kinamasi, akatabasamu kwa majirani, hata katekista alisalimiwa. Kila asubuhi waitaji wetu waliita, kila asubuhi walijibiwa kutoka upande ule ule. Lakini vitanzini hakuingia kitu. "Inakuja polepole," Baba alisema. "Imeumizwa sana, inaogopa. Nyar Seme, sasa hakuna mtu kutoka hapa mpaka Pasaka." Pasaka! Sista alikuwa amesema Januari.

Desemba iliingia, na sauti zile bado zilikuwa upande ule ule, hazisogei hata hatua. Ndege wa porini hutembea. Leo yuko hapa, kesho yuko kwenye mtama wa jirani. Jambo hilo lilinikereketa. Siku moja nilichukua kamba na panga, nikasema naenda kukata matete ya kufumia matundu, nikazunguka kinamasi. Ni mwendo mrefu, matope mpaka magotini, ruba wakaninyonya. Nilifuata ile sauti. Ilipokuwa karibu kabisa nilitoka kwenye matete nikajikuta kwenye kiunga cha boma la watu. Palikuwa na mti mrefu umesimikwa. Juu ya mti palikuwa na matundu yenye umbo la boga, yamepangana, na chini yake, kwenye kigoda, aliketi mzee amekinga sikio kwa kiganja.

Alikuwa Mzee Abuto, ambaye kwetu alitajwa kama mtegaji wa kushindana na Baba. Alinikaribisha kwa furaha, hata hakuniuliza nimetoka wapi na matope yale. "Nyathina, mtoto yangu, kuja, sikia," alisema. "Unasikia hiyo?" Nilisikia. Kutoka ng'ambo, juu ya matete yote yale, ilikuja sauti ninayoijua kuliko ya mume wangu. Ilikuwa Odundo, akifuatwa na wenzake. Mwitaji wa Abuto juu yetu akajibu, akipigapiga kifua kwenye matete ya tundu. "Imerudi," Mzee Abuto alisema. "Miaka tatu hakuna kitu, nikaacha hata kupandisha waitaji, mpaka mvua hii nikajaribu tena. Sasa ona, iko huko kwa Oganda, imejaa tele. Watu yangu walikuwa wanataka kung'oa hii mti wapande miwa. Nikawaambia mngoje! Nyinyi huko mmeshika ngapi?" Alikuwa na meno machache na alicheka kwa yote. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamjibu, "Bado, Mzee. Inakuja polepole." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema, akanipa muhogo wa kula njiani.

Nilimwambia Mama kwanza, jikoni. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha kicheko kikakatika, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Usimwambie," alisema. Lakini Januari ilikuwa imenikaba koo. Jioni nilipompelekea Baba maji ya kunawa, nikiwa nimepiga magoti na birika mkononi, mahali ambapo mke wa mwana hatakiwi kusema neno, nilisema. "Baba, zile zinazojibu ni ndege wa tundu. Nimewaona. Ni waitaji wa Mzee Abuto. Wao wanasikia wetu, sisi tunasikia wao. Katikati hakuna kitu." Alinawa. Maji yalitiririka yakaisha, akaendelea kusugua vidole vikavu. Mama aliacha kupakua ugali. Nilidhani sasa ataanguka, au atalia, au atasema niende. Baba aliinua kichwa. "Abuto ako na waitaji wangapi?" Nikamwambia ni wengi kuliko wetu. Alivuta pumzi, uso ukamkunjuka kama mtu aliyepata jibu. "Kumbe ndiyo sababu," alisema. "Ikirudi itaanzia kwake. Kesho tunaongeza mti. Nyar Seme, utalisha wote." Akamega ugali, akala vizuri.

Sikulala na hasira. Hasira ingenisaidia. Nililala na woga, kwa sababu nilikuwa nimeona mwisho wa jambo lile na haukuwa na mwisho. Mti wa pili ulisimamishwa, matundu mapya nikayafuma mimi, madume ya kuyajaza hayakupatikana, kwa hiyo yalitundikwa matupu yakingoja. Januari ilipofika nilikuwa nawalisha bado. Risper ndiye aliyeamua. Alikuwa amepita mtihani wa darasa lake, alitakiwa aendelee, na hakuna mtu aliyelizungumza. Jioni moja, badala ya porojo zake, alitia mkono wake kwenye mfuko wa kumbikumbi, akafungua tundu la Odundo, akangoja. Ndege alimtazama muda mrefu. Kisha akala. "Umeona?" Risper aliniambia. "Amekubali. Wewe nenda." Nilimuuliza na shule je. "Shule nitaenda msimu ukiisha," alisema, na alitabasamu, na sote wawili tulijua tulichokuwa tunasema. Nilitakiwa kukataa. Sikukataa. Aliwalisha mpaka alipoolewa, na darasani hakurudi tena. Ndiyo sababu hotuba za Jumamosi ile ziliniudhi. Walimtaja kuwa binti wa mtegaji, na hakuna aliyejua kwamba alitoka mtu mmoja tundu likiwa wazi akaingia yeye.

Niliondoka kabla Baba hajatoka nyumbani. Mama alikuwa mlangoni pa jiko. Aliniona na sanduku kichwani akageuka kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Risper alikuwa shambani akivuta kamba. Nilifika barabarani jua likichomoza, nikaweka sanduku chini kungoja basi. Nyuma yangu Odundo aliita, na ng'ambo ya kinamasi akajibiwa, na mimi nilijua ni nani anayemjibu, nilijua hata mzee aliyekaa chini yake na meno yake machache. Lakini safari ile, kati ya sauti hizo mbili, nilisikia ya tatu. Ilikuwa chini, hafifu, upande wa nyasi ambazo trekta lilikuwa halijazifikia. Moyo ulinipiga. Kama yuko mmoja, nilijiambia, basi Baba hakukosea, na mimi narudi, namrudishia Risper shule yake, nawalisha mpaka Pasaka na baada ya Pasaka. Sikuwa najidanganya, nilikuwa nimekwisha kushika sanduku nirudi. Basi lilisimama mbele yangu, utingo akapiga bati kwa kiganja. "Nyako, msichana, unaenda ama unabaki?" Nikamwambia, tafadhali, ningoje kidogo tu, nasikiliza. Sijui aliona nini usoni pangu, lakini alimwambia dereva azime injini. Abiria wote walinyamaza, wakasikiliza pamoja nami wasijue wanasikiliza nini. Kwenye nyasi zile hakuna kilichoita. Nikapanda.